Sarafu Sita za Kopo la Babu: Ipi Ina Kosa la Kiwanda, Ipi Imeumia Mtaani

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Tanga. Babu yetu alituachia kopo la sarafu, na sita kati yake naona si za kawaida. Kuna shilingi 100 ya Tanzania iliyovimba na kubabuka. Senti 10 ya Afrika ya Mashariki ambayo tundu lake limekaa pembeni. Shilingi 10 ya Kenya ya mwaka 1994 ambayo sura ya Moi imeinama. Heller 20, sarafu ya enzi ya Wajerumani, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, yenye mistari na ukingo usiolingana. Shilingi moja ya Tanzania ya mwaka 1966 ambayo herufi zinaonekana mbilimbili. Na shilingi ya simba ya mwaka 1952 yenye picha ya simba mwingine iliyozama kinyumenyume. Rafiki yangu ameona video, anasema zote ni makosa ya kiwanda na wazungu wanazinunua kwa mamilioni. Mjomba anasema ni vyuma vibovu. Nitajuaje nani mkweli? Picha nimeambatisha, mbele na nyuma.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Umefanya vizuri kupiga picha pande zote mbili, wengi huleta upande mmoja tu na kutaka jibu. Rafiki yako na mjomba wako wote wamekosea, ila mjomba amekosea kidogo zaidi ya nilivyotegemea: moja kati ya sita ni kosa la kweli la kiwandani. Moja nyingine si kosa wala si ubovu, ndivyo ilivyozaliwa. Nne zimeumia baada ya picha kuchapwa, moja palepale kiwandani na tatu mtaani, na mbili kati ya hizo za mtaani ziliumizwa kwa makusudi.

Tuanze na namna sarafu inavyotengenezwa, maana bila hapo utabaki kukisia. Bamba refu la madini hupitishwa kwenye mashine inayokata visahani vitupu vya duara, kama mama anavyokata biskuti kwa mdomo wa glasi. Kisahani hubanwa pembeni ili ukingo uinuke kidogo. Kama ni sarafu ya tundu, tundu hutobolewa hapo, wakati kisahani bado hakina kitu. Kisha kisahani hukaa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, huku pete ya chuma ikikizunguka kisitanuke. Mtambo unapiga kwa uzito wa tani nyingi. Kwa nukta hiyo moja madini baridi hutiririka kama udongo laini, yanajaza kila kishimo cha muhuri na kusukumwa hadi kwenye pete. Hapo sarafu imezaliwa. Inarushwa kwenye pipa na mtambo unapiga nyingine.

Sasa shika jambo hili moja, ndilo litakalokusaidia kuliko video zote: kilichotokea kabla ya pigo au ndani ya pigo ni kosa la kiwanda. Kilichotokea baada ya pigo ni uharibifu, hata kama kilitokea sekunde mbili baadaye palepale kiwandani. Kwa hiyo unapoona jambo la ajabu, usijiulize "je, hii ni adimu?" Jiulize "je, madini yalikuwa bado yanatiririka jambo hili lilipotokea?" Kama yalikuwa yanatiririka, picha na maandishi ya jirani yatakuwa yamelizoea lile jambo: yatavutika, yatapungua kina, yatapinda kulifuata. Kama hayakuwa, utaona picha iliyokamilika vizuri, halafu kitu kimekuja kuigonga.

Kanuni ya pili inatoka humohumo. Kwenye muhuri, picha imechongwa kwa ndani na kinyumenyume, ndiyo maana kwenye sarafu inatokea imeinuka na imekaa sawa. Muhuri ukipata ufa, madini yanaingia kwenye ufa na kwenye sarafu unatokea mstari ulioinuka. Muhuri ukimeguka ukingoni, sarafu inapata kinundu kilichoinuka kisicho na picha. Lakini mkwaruzo wa mtaani hushuka chini, na madini yaliyotoka kwenye mfereji wake hayapotei, yanarundikana kandokando kama tuta dogo. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, washa taa moja tu kutoka ubavuni, izungushe sarafu polepole. Mstari ulioinuka, fikiria muhuri. Mstari uliozama wenye tuta pembeni, fikiria msumari, changarawe, au jino la mtoto.

Kanuni hii ina upande mmoja wa kuangalia. Kuna makosa ya kiwandani yanayozama: grisi au uchafu ukiingia kwenye muhuri unajaza vishimo, basi herufi moja au mbili zinatoka hafifu au hazitoki kabisa. Na wakati mwingine kipande cha waya au uzi hunaswa kati ya muhuri na kisahani, kikaacha alama yake. Lakini hapo hutaona tuta. Uso wa madini pale palipozama utakuwa laini na wa rangi ileile ya sarafu nzima, kwa sababu vilizaliwa pamoja.

Basi tuje kwenye kopo lako.

Shilingi ya simba ya mwaka 1952 naianza kwa sababu ndiyo rahisi, na ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi. Kuna kosa la kweli linalofanana nayo. Sarafu iliyokwisha kupigwa hugoma kutoka, inanasa kwenye muhuri mmoja. Kisahani kipya kinapoingia, upande mmoja kinapigwa na muhuri wa kawaida, upande wa pili kinapigwa na ile sarafu iliyonasa. Matokeo yake ni sarafu yenye picha iliyoinuka upande mmoja, na upande wa pili picha ILEILE, imezama na imegeuka kinyume. Fikiria vizuri: kama sarafu imenasa upande wa muhuri wa simba, inayobaki wazi ni sura ya mfalme. Kwa hiyo kisahani kipya kitapata mfalme aliyeinuka mbele na mfalme aliyezama nyuma. Simba hataonekana popote.

Yako ina simba aliyeinuka, na juu yake simba mwingine aliyezama kinyume, na upande wa pili mfalme yupo lakini shavu lake limekuwa bapa. Hakuna mpangilio wa mtambo unaoweza kutoa kitu hicho. Lakini karakana yoyote yenye jiriwa inaweza: weka sarafu mbili simba kwa simba, kaza. Kila moja inamchapa mwenzake, na upande wa mfalme unabanwa na meno ya jiriwa. Ukitazama kwa lenzi utaona simba wa kwanza alikuwa kamili, ndipo akasagwa. Pengine alifanya fundi kijana kwa mchezo miaka hiyo. Thamani yake ni ya shilingi ya zamani iliyochubuka.

Shilingi 10 ya Kenya nayo ina ujanja wake. Sarafu za madini mawili zinatoka kiwandani zikiwa na moyo na pete tofauti, na vitu hivyo viwili hukamatana kwa pigo lilelile linalochapa picha. Maana yake sura ya Moi katikati na maandishi yanayoizunguka vilichapwa na muhuri mmoja, kwa mpigo mmoja. Haviwezi kutofautiana mwelekeo. Kama sura imelala na maandishi yako palepale, basi moyo ulizungushwa baadaye. Unaweza kuthibitisha mwenyewe: geuza upande wa ngao, utaona nayo imeinama kwa kiasi hichohicho, lakini kuelekea upande wa pili. Kwenye picha zako ndivyo ilivyo. Sarafu hizi zikiingia motoni au zikigongwa nyundo, moyo hulegea, watoto huuchomoa na kuurudisha. Tazama kwenye mshono kati ya moyo na pete, kuna alama za kitu chenye ncha.

Kuna kosa la kweli la kuzunguka, nalo ni pale muhuri mmoja mzima unapolegea kwenye mtambo. Sarafu zetu za Tanzania na Kenya ukiishika wima na kuigeuza kutoka kulia kwenda kushoto, upande wa pili nao husimama wima. Ukikuta upande wa pili umelala kwa robo nzima ya mzunguko, picha na maandishi pamoja, hiyo weka pembeni. Nyuzi chache tu, digrii 5 au 10, ni jambo la kawaida na hakuna mkusanyaji atakayepandisha bei kwa ajili yake. Ila ukipata senti ya Kimarekani ikasimama kichwa chini, usishangae. Za Marekani zimepangwa hivyo kwa kawaida, unazigeuza kutoka juu kwenda chini.

Shilingi 100 sitakaa nayo sana. Zile za rangi ya dhahabu zenye swala ni chuma kilichopakwa shaba ya manjano, jaribu sumaku utaona inanata. Mkichukua chuma, mkakivika nguo nyembamba ya shaba, kisha mkakipeleka Tanga kwenye upepo wa chumvi, kitafanya nini? Kutu huingia kwenye mkwaruzo mdogo, inatambaa chini ya ngozi, ngozi inavimba na kubabuka. Yako ina unga wa kahawia ndani ya kila kibonge, kwa hiyo hakuna mjadala. Vibonge vidogo vya hewa vinavyotokea kiwandani wakati wa kupaka vipo pia, ni safi, duara, havina kutu. Hivyo ni kosa kweli, lakini ni kosa la kawaida mno hata hakuna anayelilipia.

Hapohapo nikuonye kuhusu shilingi 100 "nyeupe" zinazozungushwa mitandaoni. Inawezekana kisahani kikapita bila kupakwa shaba, kikapigwa kikiwa chuma kitupu. Lakini inawezekana zaidi kwamba mtu ameiloweka kwenye maji ya betri. Tindikali hula pande zote: herufi zinakonda, vijino vya ubavuni vinapotea, sarafu inakuwa nyembamba na nyepesi, na uso unapata vitobo vidogo kama umepulizwa mchanga. Ya kiwandani ina herufi nene, zenye kona kali, na mng'ao wa chuma kilichopigwa. Mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu itamaliza ubishi, ukiilinganisha na shilingi 100 nyingine nzima ya mwaka uleule.

Tukija kwenye shilingi ya mwaka 1966, hapa ndipo nakaa, kwa kuwa herufi mbilimbili ndizo zinazowapotosha hata watu wazoefu. Kuna sababu mbili kubwa, na zinafanana kwa macho ya haraka.

Ya kwanza iko kwenye muhuri wenyewe. Zamani muhuri ulitengenezwa kwa kukandamizwa na kalibu mama, yaani chuma chenye picha iliyoinuka, zaidi ya mara moja, na kati ya mkandamizo na mkandamizo ulitolewa ukapashwa moto ili ulainike. Ukirudishwa ukiwa umehama hata kidogo, muhuri unabeba picha mbili. Kila sarafu itakayotoka kwenye muhuri huo itakuwa na maandishi mawili, sawasawa, mahali palepale. Mfano unaojulikana dunia nzima ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955 yenye sura ya Lincoln, iliyotoka kiwanda cha Philadelphia. Maandishi na tarehe zimeachana kiasi kwamba huhitaji lenzi. Zaidi ya 20,000 ziliingia mtaani, watu wengine wakazipata kama chenji kwenye mashine za sigara.

Ya pili iko kwenye mtambo. Muhuri unakuwa haukukazwa vizuri, na mara tu baada ya pigo, unapoinuka, unateleza kidogo juu ya sarafu na kuburuta kingo za herufi. Herufi inapata kivuli.

Kuzitenganisha, tazama umbo la ile herufi ya pili. Ya muhuri wenye picha mbili ina mwili: imeinuka kwa mviringo kama ya kwanza, na pale zinapoachana, kwenye kona za herufi kama E au T, utaona kimwanya kidogo kilichopasuka kama mkia wa mbayuwayu. Jumla ya herufi inakuwa nene kuliko kawaida. Kivuli cha kuteleza hakina mwili: ni ngazi bapa, chini, inayong'aa, na kimeiba upana kutoka kwenye herufi yenyewe, kwa hiyo herufi ya juu inakonda. Unene ukiongezeka ni muhuri. Unene ukipungua na kukiwa na kibaraza, ni kuteleza.

Yako ina kibaraza, kinang'aa, na kiko upande mmoja tu wa kila herufi. Ni kuteleza. Najua utasema: lakini mzee, hilo si lilitokea kiwandani? Ni kweli, na kuna watu wanaobishana hapo hadi leo. Lakini lilitokea baada ya picha kukamilika, linabadilika kutoka sarafu moja hadi nyingine, na liko kwenye sarafu nyingi mno za kila nchi. Wakusanyaji hawalipi. Mimi nakubaliana nao. Kama una shilingi nyingine za 1966 kwenye kopo, zitazame pia. Ukikuta mbili zenye herufi mbili zinazofanana kabisa, kwa umbali uleule na upande uleule, nitumie picha hata usiku.

Heller ya Tabora ndiyo iliyonifanya nikae kitako. Mistari yake imeinuka. Ukingo wake haulingani, upande mmoja umekuwa mnene na mwingine umekwisha. Uso una mabonde. Kwa sarafu ya London au Berlin ningesema ina makosa matatu kwa pamoja. Kwa Tabora hiyo ni hali yake ya kila siku.

Kabla ya vita, heller na rupia za koloni la Wajerumani zilitengenezwa Ujerumani, ndiyo maana zina herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Vita vilipoanza mwaka 1914 Waingereza waliziba bahari, sarafu hazikuja tena. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka huohuo, na karakana yake ya Tabora ilikuwa na mashine na mafundi. Mwaka 1916 wakaanza kupiga sarafu humo: heller 5, heller 20, na hata rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Madini ya heller yalikuwa shaba nyekundu au ya manjano, kutegemea kilichopatikana. Mihuri ilichongwa palepale, ilichoka haraka, ikapasuka, ikaendelea kutumika kwa kuwa hapakuwa na mingine. Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora na kazi ikakoma.

Kwa hiyo heller 20 yenye T, alama ya Tabora, hupimwa kwa kipimo chake. Ufa wa muhuri juu yake hauongezi kitu. Pigo lililokaa pembeni kidogo haliongezi kitu. Kuwa nyekundu wakati ya jirani yako ni ya manjano si kosa. Wanachotafuta wakusanyaji ni aina: taji kubwa au taji dogo, na umbo la ncha za herufi L kwenye neno HELLER, maana mihuri ilikuwa tofauti na michanganyiko mingine ni michache kuliko mingine. Na wanatafuta sarafu isiyosuguliwa. Yako ni taji kubwa, imevaa kiasi, na ina rangi yake ya asili ya miaka mia moja na ushee. Hiyo ndiyo yenye soko la kueleweka kati ya sita zako, ingawa haina kosa lolote la kiwanda kwa maana ya rafiki yako.

Nimesema imevaa. Na kuvaa nako watu hukuchanganya na pigo hafifu. Sarafu inayochakaa mfukoni huanza kuisha sehemu zilizoinuka zaidi: shavu, nywele juu ya sikio, bega la simba. Mchakao hauchagui, unalainisha pote, ukingo ukiwa wa kwanza kuumia. Ukikuta shavu la Nyerere limefifia lakini ukingo ni mkali na uwanja, yaani sehemu bapa isiyo na picha, unang'aa, huenda mtambo ulipiga kwa nguvu ndogo. Ukikuta herufi moja tu haipo na jirani zake ni kali, ni grisi kwenye muhuri. Ukikuta herufi moja haipo na mahali pake pana mng'ao wa tofauti na mikwaruzo inayokwenda njia moja, kuna mtu na tupa.

Na watu wa tupa wapo. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha muundo wa peni 20. Tarehe ilihamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kwa bahati mbaya upande wa zamani usio na tarehe ukaoanishwa na upande mpya usio na tarehe. Zikatoka peni 20 zisizo na mwaka popote. Ni kosa la kweli, la Royal Mint yenyewe, kiwanda cha sarafu cha Uingereza. Haikuchukua muda watu wakaanza kusugua tarehe kwenye za kawaida. Wanasahau kwamba zile za kweli zina sura ya malkia ya muundo wa zamani na nyuma ya muundo mpya kwa pamoja. Anayesugua anaweza kufuta namba, hawezi kubadilisha upande mzima. Wamarekani wana yao: senti za mwaka 1943 zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki kwa sababu shaba ilihitajika vitani, na chache mno zikapigwa kwa shaba kimakosa. Za bandia ni za chuma zilizopakwa shaba nje. Sumaku ikinata, kwisha habari.

Nikiwa hapo, niondoe na mambo ambayo wengi huniletea wakidhani ni makosa. Herufi ndogo H, KN, I au SA kwenye sarafu za Afrika ya Mashariki ni alama za viwanda: mbili za kwanza za Birmingham, I ya Bombay, SA ya Pretoria. Senti 5 na 10 za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII si siri iliyovuja. Mfalme yule aliachia kiti Desemba mwaka huo, lakini sarafu za tundu zilibeba jina tu bila sura, zikatengenezwa mapema na kwa wingi. Ni historia nzuri, bei yake ndogo. Senti 10 za mwaka 1964 zisizo na jina la malkia ni za wakati nchi zetu zimekwisha kujitawala. Na sarafu za Kenya za 1966 hadi 1968 hazina maandishi kuzunguka sura ya Mzee Kenyatta kwa sababu ndivyo zilivyochorwa. Maandishi yaliongezwa mwaka 1969.

Imebaki senti 10 yenye tundu pembeni. Niliiangalia kwa kushuku, kwa sababu sarafu hizi zimetumika kwa kila kitu. Zilifungwa kwenye boliti kama washa, zikapitishwa kwenye uzi na kuvaliwa. Tundu lililoliwa na uzi huwa la yai, limelainika upande mmoja tu. Tundu la kutoboa kwa keekee huwa na kingo kali, na linakata chochote kilicho mbele yake bila kuuliza.

Tundu lako ni duara kamili. Kingo zake zimebonyea ndani kidogo pande zote mbili, jinsi kingo za tundu lililopigwa na mtambo zinavyokuwa. Na kilichonishawishi ni hiki: muhuri wa sarafu hii una duara lililoinuka ambalo kwa kawaida hulizunguka tundu. Kwenye yako, duara hilo liko palepale katikati linapostahili, ila tundu limelikata upande mmoja na kuliacha kama mwezi mchanga, na upande wa pili, pale ambapo pangekuwa wazi, pana madini bapa yaliyobanwa. Picha iliyo karibu na tundu imevutika kuelekea ndani ya tundu. Yaani madini yalikuwa yanatiririka na tundu lilikuwapo tayari. Kisahani kilitobolewa vibaya kabla hakijaingia kwenye mihuri. Hilo ni kosa la kiwanda, halina shaka kwangu kwa picha hizi, ingawa ningependa uipime uzito ukilinganisha na senti 10 nyingine ya mwaka uleule na alama ileile ya kiwanda. Zinapaswa kukaribiana sana, maana kilichopungua ni kipande cha ukubwa uleule, kimetoka tu mahali pasipo pake.

Je, ni mamilioni? Hapana. Tundu lililohama kidogo linaonekana kwenye sarafu za tundu za nchi nyingi, na lako limehama kwa kiasi cha kupendeza, si cha kushangaza. Mkusanyaji wa makosa ya Afrika ya Mashariki atalipa mara kadhaa ya bei ya senti 10 ya kawaida, na ya kawaida ni rahisi. Bei unazoziona kwenye matangazo ni maombi ya muuzaji. Tafuta minada iliyokwisha, uone watu walitoa nini mfukoni. Na mtu akikuomba ada ya "kuthibitisha" kabla hajaishika sarafu mkononi, mwache aende.

Usiisafishe. Wala ndimu, wala majivu, wala dawa ya kung'arishia, wala kitambaa. Hata heller usiiguse. Ziweke kila moja kwenye bahasha ndogo ya karatasi kavu, si kwenye mfuko laini wa plastiki, na ziondoe kwenye kopo lenye ile shilingi 100 ya kutu. Kisha zimimine hizo zilizobaki juu ya meza, zipange kwa mwaka, na utazame kwanza zile za tundu. Kisahani kimoja kikitobolewa vibaya, huenda vya jirani yake vilipita chini ya mashine ileile siku ileile.